Pumzi ya Phally

Phally alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji chao, kando ya ziwa la Tonle Sap, na mkono wake ulikuwa mwepesi katika kutoa damu ya kupimwa. Kosa lake lilikuwa moja, na kijiji kizima ndicho kilichomsukumia: akishapangusa ngozi kwa spiriti, alipuliza pale pale anapotaka kuchoma.

Waganga wao wa jadi hupuliza mahali panapouma, basi watu hawaamini sindano isiyotanguliwa na pumzi. Chuoni alifundishwa kwamba ngozi iliyopanguswa haiguswi wala haipulizwi. Mwanzoni alishika mafunzo yake, akaambulia kusengenywa. "Yule roho yake jiwe," walisema sokoni. "Anakuchoma kama anatoboa gunia la mchele." Wagonjwa wakamkimbia. Akaanza kupuliza, wakarudi mbio, wajinga wale.

Ikafika zamu ya mama yake, Sarin, mwenye kisukari. Siku hiyo koo lilikuwa likimuuma Phally.

"Mbona hunipulizii?" mama aliuliza.

"Koo linaniuma, mama. Leo tuache."

"Watoto wa watu unawapulizia. Mimi niliyekuzaa nichomwe kavukavu?"

Jirani yao Thavy, aliyekuwa kwenye foleni, akadakia, "Mpulizie, binti. Au pumzi yote umempa mchumba?"

Foleni nzima ikacheka. Phally aliona haya, akainama, akapuliza.

Baada ya siku chache mkono wa mama ulivimba kuanzia kwenye kiwiko, homa ikapanda. Hospitali ya mkoa ikasema vijidudu vimeingia kwenye damu. "Dawa zimeshindwa," daktari alimwambia Phally. "Kaa naye tu."

Phally alijua vijidudu vilikotoka. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, mama. Ni mimi. Ni ile pumzi yangu."

"Najua, mwanangu," mama alisema kwa taabu. "Ulipuliza kidogo mno." Akamsogezea mkono. "Haya, sasa nipulizie vizuri."

Phally alipuliza huku akilia, mpaka kifua kikamuuma. Mama alikufa siku ile ile. Maiti ilipochomwa pagodani, kwenye hekalu lao, kama ilivyo desturi, wanawake walinong'onezana kwamba binti alimfanyia mama yake uchoyo wa pumzi.

Zahanati ilipofunguliwa tena, Thavy ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye benchi, mkono ameshaunyoosha.

"Pole kwa msiba," alisema. "Ila mimi usije ukaninyima."