Chungu Kilichokataa Kuumuka

Baba alipougua, katikati ya miaka ya tisini, mama aliacha kupika pombe. Kabla ya hapo jiko letu, kule upande wa Ntimaru, halikukosa chungu cha busaa. Kila alipochuja, mama alibakiza machicha kidogo yenye majimaji, akayatia kwenye kibuyu na kukiziba kwa jani la mgomba. Hiyo ndiyo iliyokuwa chachu ya pombe iliyofuata. Alipewa na mama yake alipoolewa, na tangu hapo hakuiacha ikauke.

Kwa miezi saba alimuuguza baba, mara nyumbani, mara hospitalini Homa Bay. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nikibaki na ng'ombe na shamba. Kibuyu sikukigusa. Hakuna aliyenikumbusha, nami sikukumbuka.

Tulimzika baba wakati wa palizi. Mama hakulia. Alikaa mkekani, akamjibu kila aliyempa pole, akauliza kama wageni wamekula. Watu walimsifu kwa kujikaza. Mimi niliogopa.

Wiki chache baadaye wazee walituma habari kwamba watakuja kunywa pombe ya kumaliza matanga. Kaka yangu, aliyekuwa akifundisha Migori, alikuja na pakiti mbili za hamira ya dukani, ile kavu ya chenga ndogo ya kuokea mikate.

"Mama, hicho kibuyu kimekaa sana," alisema. "Tumia hii. Kesho tu itakuwa imeumuka."

"Hiyo ni ya mikate," mama alijibu. "Baba yenu hakunywa mikate."

Mwishowe walikubaliana kila mtu aweke yake. Tulikaanga unga wa mahindi tuliokuwa tumeulowesha hadi ukachachuka, tukaugawa katika vyungu viwili, tukatia maji na kimea cha wimbi. Kaka aliloweka hamira kwa maji ya vuguvugu, akamimina katika chungu kimoja. Mimi nilizibua kibuyu kwa ajili ya chungu cha mama. Harufu ilinipiga puani, kali kama siki iliyooza. Nikampa hivyo hivyo.

Asubuhi iliyofuata chungu cha kaka kilikuwa na povu hadi mdomoni. Cha mama kilikuwa kimetulia. Alikisogeza karibu na meko, akakifunika kwa blanketi la baba. Siku ya pili hakikubadilika. Siku ya tatu, wazee wakiwa njiani, alichovya kidole, akaonja, kisha akaketi chini palepale.

"Imekufa," alisema.

"Ni mimi, mama. Nilipaswa kuilisha unga ulipokuwa hospitalini."

"Wewe ungejuaje? Mimi nilijua. Nilikuwa namwangalia yeye tu."

Ndipo akalia. Alilia kilio chote alichokuwa amekizuia tangu mazishi, mikono imeshika ukingo wa chungu. Kaka alisimama mlangoni, asijue aingie au aondoke. Mimi nilipiga magoti nikamshika mabega, na kwa mara ya kwanza tangu baba afe, nikahisi uoga wangu unapungua.

Alipomaliza alinawa uso, akaenda kuiandaa pombe ya kaka. Wazee walifika, wakakizunguka chungu na mirija yao mirefu. Mmoja, rafiki wa baba tangu ujana, alivuta polepole, akasema, "Mkono wa mama huyu haujabadilika." Mama alimshukuru. Kaka alitazama chini.

Jioni nilimkuta mama nyuma ya jiko. Alikuwa amekisugua kibuyu kwa majivu na kukianika, na sasa alikuwa akitia ndani yake machicha ya pombe ile ya hamira.

"Itashika?" nikamuuliza.

"Sijui. Lete unga wa wimbi."

Alinionyesha kipimo: gao moja la unga, ujazo wa kiganja, maji ya kulowesha tu, kila siku ya tatu. Nilikilisha mimi. Mvua zilipoanza, alipika pombe ya majirani waliokuja kutusaidia kulima, na hakuhitaji pakiti. Haikuwa na ukali wa ile ya zamani. Mama alimwambia hivyo kila aliyeonja, kisha akamwongezea.