Waliiacha Mule Ndani

Wakati ule nilikuwa nasomea Kiingereza katika chuo cha ualimu hapa Bukavu. Mwalimu wetu alitusumbua sana kwa jambo moja: kwamba Kiswahili humwingiza mtendewa ndani ya kitenzi, lakini Kiingereza humweka nyuma, na kihusishi nyuma yake tena. Waingereza wenyewe hawatamki maneno hayo moja moja. Kitenzi cha wakati uliopita wanakifunga pamoja na vijineno vinavyokifuata, unasikia neno moja refu. Usiposikia mkia, alisema, hujasikia kitu. Tulirudia left it, left it in, left it on, mpaka tukachoka.

Maman alikuwa anaumwa tumbo kwa miezi. Tulimpeleka hospitali ya misheni huko Katana, papa, mimi na tonton, mdogo wake papa, aliyewahi kufanya biashara Kampala. Kwa Kiingereza, ukoo wote ulimtegemea yeye. Daktari aliyempasua maman alikuwa Mwingereza mgeni, Kifaransa chake cha kuokoteza. Alitoka mapema kuliko tulivyotazamia, akasema maneno machache huku akiangalia sakafu.

Katika maneno yale tonton alidaka left tu, ambalo kwa Kiingereza ni kuacha na pia ni kuondoka, akalijua kama "kuondoka". Akamgeukia papa, akamwambia ugonjwa umeondoka. Papa aliketi kwenye benchi, akafunika uso kwa kofia, akamshukuru Mungu kwa Kimashi, lugha ya kwetu.

Mimi nilikuwa nimesikia mkia, lile it in: kuiacha ndani. Nilitamani niwe nimekosea.

"Tonton, hakusema ugonjwa imeenda," nikasema. "Anasema waliiacha mule ndani."

Alikasirika, akaniuliza kati yetu ni nani aliyeishi Kampala. Papa aliondoa kofia usoni.

"Muulize tena," akaniambia mimi, si tonton.

Nikauliza. Daktari alirudia polepole, kiganja kikiwa juu ya tumbo lake mwenyewe: walifungua, wakakuta uvimbe umeshika ini, wakauacha, wakashona. Nilipokuwa natafsiri, papa alikuwa ameshaelewa kwa ule mkono.

Aliagiza maman asiambiwe. Tukamrudisha nyumbani Kadutu kwa gari la kukodi, amelala juu ya godoro, na majirani wakaja kumpongeza kwa kupona.

Siku moja nilikuwa namkanda miguu, imevimba, ngozi inang'aa. Akaniuliza munganga, yule daktari wa Katana, alisema nini. Nikamjibu kwamba papa amekataza tusiseme.

"Basi niko najua," akasema. "Endelea kukanda."

Tangu hapo hakunywa tena dawa za majani ambazo tonton alimletea kutoka Luvungi. Alizipokea kwa shukrani, akaziweka chini ya kitanda. Akatuita sisi binti zake, akatugawia vitenge vyake angali na nguvu ya kuvikunja mwenyewe. Hakulia, nasi hatukuthubutu.

Alikufa asubuhi, papa akiwa amekwenda kuchota maji. Kwenye mazishi tonton ndiye aliyelia kuliko wote, hata papa ikabidi amshike kiuno asianguke kaburini.