Upondo wa Katarina

Wapo watu wakikwambia wanajua, unacheka kimoyomoyo. Katarina binti Kasimiri akikwambia anajua, vaa kofia yako umfuate.

Baba yake, mzee Kasimiri, enzi za Wazungu alikuwa akiwapeleka mabwana kuvua kwa fimbo na ndoano katika mto Ugalla, huko kusini ya Kaliua, ndani ya mafunjo yaliyosongamana. Hakujaaliwa mtoto wa kiume. Alipompandisha binti yake mtumbwini watu walimcheka, naye akawajibu, "Maji hayamuulizi mtu kavaa gauni au suruali." Akamkabidhi upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akiwa na miaka tisa tu. Baadaye Katarina aliolewa Tabora mjini, kule Ipuli, akakaa miaka miwili. Mume hakuwa mbaya, maskini. Ila Katarina alisema hawezi kuzeekea mahali ambapo maji yanatoka bombani, akafunga mzigo wake akarudi mtoni.

Mwaka wa sabini na nne Operesheni Vijiji ikawafikia. Watu wa kando ya mto walihamishiwa kijiji kipya, mwendo wa nusu siku kutoka majini, walime tumbaku pamoja. Katarina hakuwa na ugomvi na Ujamaa hata kidogo. Yeye alikuwa akigawa samaki wake kabla neno lenyewe halijafika Kaliua. Lakini tumbaku! Kuinama kwenye matuta tangu asubuhi mpaka jioni, mikono inanata, na maji hata kuyasikia huyasikii! Halmashauri ya kijiji ikatoa nafasi moja: dago, yaani kambi, la wavuvi sita litabaki mtoni, iwapo bwana samaki wa serikali kutoka Tabora ataandika kwamba lina kiongozi wa uhakika wa kuwapitisha watu kwenye mafunjo. Asipoandika, wote sita wanashika jembe. Na nafasi ya kiongozi ni moja: atakayeandikwa ndiye atakayekaa mtoni, asiyeandikwa atalima tumbaku.

Sasa katibu wa kijiji, Damas, kijana wa darasa la saba na kalamu mbili mfukoni, akautaka uongozi huo.

"Ndugu Katarina," alisema, maana wenzake wote walimwita Mayu, yaani mama, ila yeye Damas alipenda lugha ya ofisini, "ujuzi wa kufichwa kichwani mwa mtu mmoja ni ubepari. Njia iwekewe alama, kila mwanakijiji aione."

Maneno mazuri, tusimdhulumu. Siku moja kabla ya bwana samaki kufika kukagua aliingia peke yake, akafunga mafundo kwenye mafunjo kila kona, mpaka kwenye lindi, lile shimo la maji marefu lenye samaki, ambako Katarina mwenyewe alikwisha kumpeleka mara mbili.

"Umeyafunga kwenye mafunjo?" Katarina alimuuliza.

"Ndiyo."

"Haya haya yanayoelea?"

"Ndugu Katarina, wivu haujengi taifa."

Katarina akamwachia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Bwana samaki alikuwa Humaidi, kijana wa Kiarabu wa Tabora mjini, mpole, na fimbo yake ya kuvulia begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Maji unayaogopa?"

"Nimekaa Rufiji miaka mitatu, mama. Wenyeji walikuwa wakiniongoza kuvua kwenye mikoko. Kule maji yanaondoka, miti inabaki."

"Basi hapa utaanza upya. Hapa maji yanabaki, miti inaondoka."

Humaidi alicheka, akidhani anataniwa.

Upepo ulikuwa ukivuma tangu alfajiri kutoka upande wa Sikonge. Katarina alisimama nyuma na upondo, mgeni akaketi katikati, Damas mbele, kidole juu. Fundo la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu likawapeleka kushoto, na la nne likawaingiza kwenye ukuta wa mafunjo usio na hata tundu. Hapo katikati ya ukuta lilikuwa fundo la tano, limefungwa vizuri kabisa. Kugeuka nyuma, walikotoka nako kumeziba. Kiboko akakoroma mahali fulani karibu, wasimwone.

"Ya Rabbi," alisema Humaidi.

Damas alikuwa akitiririka jasho. "Kuna mtu ameyahamisha mafundo yangu!"

"Mafundo yako yapo pale pale ulipoyafunga," alisema Katarina. "Kilichohama ni kisiwa chenyewe cha mafunjo."

Alizamisha upondo mpaka chini, akauzungusha, akauvuta, akaitazama ncha. Tope jeusi. Akalinusa. "Hapa maji yamelala, hayaendi popote." Akasogea kidogo, akachoma tena. Tope. Mara ya tatu ncha ikatoka na mchanga mweupe, safi.

"Haya! Mto wenyewe unapita hapa. Juu mafunjo yatembee yanavyotaka, sakafu haihamishwi na upepo. Inamisheni vichwa."

Akaupenyeza mtumbwi katikati ya mafunjo, akichoma, akitazama, akichoma, hadi wakatokea kwenye lindi, maji meupe na jua tele. Humaidi alivua samaki mwenye meno ya nje aliyetaka kumvuta majini, akapiga kelele za furaha mpaka kofia ikamwanguka. Wakambanika ukingoni kwa chumvi ya Uvinza, wakala wakashiba.

Ndipo Humaidi akafungua daftari juu ya goti. "Naandika jina la kiongozi."

Damas alikohoa. "Uongozi ni wa kijiji, ndugu. Andika Damas, katibu."

Katarina aliogopa, tusidanganyane. Aliyaona matuta ya tumbaku yakimngoja. Lakini hakupandisha sauti. Alikwenda mtumbwini, akauchukua upondo, akauweka mapajani mwa Damas.

"Mwandike," alimwambia Humaidi. "Haki ya Mungu, sina kinyongo. Ila aturudishe yeye."

Humaidi aliinua kalamu, asiandike. Wote watatu wakatazama mafunjo. Upepo ulikuwa umegeuka, na pale walipotokea hapakuwa na alama kwamba mtu aliwahi kupita. Damas aliinua ncha ya upondo, akautazama mchanga ulioganda. Akanusa. Kijana wa watu, alinusa kweli!

Kisha akasimama, akamrudishia Katarina upondo wake kwa mikono miwili.

"Andika Katarina binti Kasimiri," alimwambia Humaidi. Halafu, kwa sauti ambayo haikuwa ya ofisini: "Mayu, turudishe."