Nilipeleka Watoto Dar Wakatembee, Wifi Akatufanya Walinzi wa Kuku

Admin, jina langu lifiche, ila hasira yangu iache kama ilivyo. Nina miaka thelathini na nne, nina watoto wawili, Doreen wa miaka tisa na Kelvin wa sita. Kwetu ni Kwa Sadala, nimeolewa Kibosho, tunaishi Shirimatunda, hapa Moshi mjini. Mume wangu anaongoza wageni mlimani, kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili yeye hayupo, yuko huko juu na mtandao haushiki.

Wengine mtanikumbuka. Mimi ndiye niliyeuliza hapa hapa, wiki chache kabla ya Krismasi, nipeleke wapi watoto Dar wakafurahi. Mkanicheka. "Krismasi Wachagga wote wanapanda kwao Kilimanjaro, wewe unashuka?" Sawa, chekeni. Lakini wapo walionijibu vizuri, Mungu awabariki, na Doreen akakaa na daftari ananakili majibu yenu: bwawa lenye mabomba ya kuteleza, sinema ya miwani, ngazi zinazopanda zenyewe, treni ya umeme, kivuko, bahari. Kila kimoja na kiboksi chake pembeni cha kuweka tiki. Kila shule ikifunguliwa wenzao wanasimulia bahari, wangu wanasimulia kukata majani ya ng'ombe kwa bibi. Nikasema mwaka huu hapana.

Wa kutupokea alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Nilipomwambia alifurahi kupita kiasi. "Njooni wifi, nyumba kubwa, watoto watakula raha mpaka wachoke." Mimi mjinga nikafungasha ndizi mshare, maparachichi na maziwa mgando, nikampelekea. Tukala, tukalala. Asubuhi naamka nakuta gari linaunguruma, mabegi yamepakiwa, mumewe kashika usukani. Wifi ananikabidhi funguo huku anacheka.

"Sisi tunapanda Kibosho kwa mama. Jisikie nyumbani. Ila usitoketoke wifi, wezi wa huku wanajua Krismasi Wachagga wameondoka. Na kuku wangu mia tatu wako bandani, broila wale hawataki kukosa maji hata saa moja. Dada wa kazi nimempa likizo."

Jamani! Geti lilishafunguliwa, gari likatoka.

Siku kumi. Nimetoka Moshi na watoto wangu kwenda kuzoa mavi ya kuku ya mwanamke mwenye gari. Kila asubuhi Doreen anavaa nguo ya kuogelea ndani ya gauni, "labda leo mama." Siku ya nne nikasema liwalo na liwe. Nikajaza maji bandani, nikafunga geti, tukatoka. Hatujafika hata kituoni, simu inaita. Wifi! Kumbe alimwachia jirani kazi ya kunichunguza. "Umeacha nyumba na nani? Kuku wangu wakifa utamwambia nini kaka yangu?" Nikarudi. Ndiyo, nilirudi, msinitukane, ninavyojitukana mwenyewe inatosha. Kelvin alilia njia nzima. Doreen hakulia, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Sasa sikieni alichokuwa anafanya huko juu. Ukoo mzima umekaa, mbuzi wamechinjwa, yeye anamwambia mama mkwe kwamba nimeikataa Krismasi ya Kibosho, eti nimechagua starehe, nawazungusha watoto mabwawani. Nyama ya ukoo ikagawanywa na fungu la nyumba yetu halikutengwa. Haijawahi kutokea tangu niolewe. Maana yake tulihesabiwa hatupo.

Niliporudi Moshi nikapanda Kibosho kumsalimia mama mkwe. "Shikamoo mama." Hakuitikia. Anamenya ndizi, hata kichwa hainui. "Mmeshiba bahari?" Kabla sijafungua mdomo Doreen akasema, "Bibi, bahari hatujaiona. Tulikuwa tunalisha kuku wa shangazi." Mama akaacha kumenya. Akamuuliza mtoto, si mimi, mtoto, na mtoto akasema yote.

Wiki iliyofuata mama akashuka mwenyewe Shirimatunda, na miguu yake ile inayouma, ameshika jani la isale kalifunga fundo. "Mama Doreen, mwanangu amekosa. Nakuomba upokee." Kwa asiyejua, isale kwetu Uchaggani ndiyo mwisho wa ugomvi. Ukiletewa, hata kama mtu kakuchomea nyumba, unapokea na husemi tena. Kulikataa ni aibu kubwa, na wazee wanasema ni laana. Mimi sikunyoosha mkono. Akaliweka mezani, akasema Jumapili baada ya misa atapita kuchukua jibu.

Mama sina shida naye, ameniomba radhi kwa kinywa chake. Mwenye kosa amekaa Dar, hajanipigia hata kusema pole. Katuma ujumbe: "Isale si umeletewa? Basi yaishe. Pasaka mje tena, safari hii nitawapeleka watoto bichi mwenyewe." Pasaka! Wakati kila Pasaka anapanda Kibosho! Mume wangu kashuka mlimani, naye wimbo ni huo huo: "Pokea tu, ni dada yangu, utamuua mama kwa presha." Yaani nikipokea, yule amejifutia kosa kwa jani alilokata mama yake kwenye mpaka wa kihamba, lile shamba la ukoo, yeye hata kiatu hakijachafuka. Nikikataa, mbaya ni mimi, na mama anarudi mlimani na aibu isiyo yake.

Na asije mtu kuniambia watoto husahau. Jana nimelikuta lile daftari chini ya godoro. Viboksi vyote vitupu, isipokuwa kimoja alichokiongeza Doreen mwenyewe chini kabisa na kukiwekea tiki: "Kulisha kuku."

Leo ni Ijumaa na jani bado liko mezani. Nishaurini ndugu zangu, nilipokee, au nimwambie mama akamrudishie bintiye alilete kwa mikono yake? Na kama mnasema nipokee, niambieni pia nitamtazamaje Doreen, maana Jumapili atakuwa amekaa pale pale ananiangalia.