Elvie Quarrell na Mume wa Kasuku

Haya ninayowaambia hamtayaamini, na sina mpango wa kuwabembeleza. Hata hapa Dover, mji wetu mdogo kisiwani Tasmania, ambako watu huamini chochote kinachosemwa baada ya bia ya pili, waliyakataa. Lakini ni kweli tupu. Shemeji yangu Elvie Quarrell yu hai na ana afya. Anayebisha akamuulize, kama ana ubavu.

Elvie ana miaka sabini na miwili na viganja vigumu kama gome. Ujana wake wote uliishia kwenye shoka. Baba yake alikatia miti kiwanda cha mbao, na alipoona binti ana sikio zuri akampa kazi ya kutangulia mbele ya wakataji, agonge kila shina kwa kisogo cha shoka na kusikiliza. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu. Mti wenye uwazi ndani huguna. Uliokuwa ukiguna waliuacha, maana hautoi mbao ya maana. Miaka thelathini Elvie aligonga misitu ya kusini mwa Tasmania, na miti iliyoguna ikabaki imesimama. Kumbe muda wote huo alikuwa akiwagawia ndege nyumba.

"Kasuku wa mbio wote wa upande huu ni wapangaji wangu," husema siku hizi, kidevu juu. "Kodi tu ndiyo hawalipi."

Kasuku hao, walioitwa wa mbio kwa kasi ya kuruka kwao, ni wa kijani, uso mwekundu kama waliotoka kuzabwa vibao. Baridi ikianza huvuka bahari kwenda Australia bara, wakafuata maua kwenye misitu mikavu ya jimbo la Victoria na kupanda zaidi kaskazini. Baridi ikiisha hurudi kwetu kutaga, na hawatagi kwingine kokote duniani. Mwaka mmoja Elvie alishindwa kuvumilia, akapanda meli akawafuata. Alizunguka Victoria siku tatu, akawakuta wamenenepa, wanafyonza maua bila wasiwasi. Alirudi amenuna.

"Watu wa kule wanawapiga picha na kusema ni wa kwao!" alimwambia mke wangu, ambaye ni mdogo wake. "Ni wa kwao kwa lipi? Mtu akilala hotelini ndiyo kwao? Kwao ni hapa, walipozaliwa."

Basi, Novemba iliyopita jirani yake Barry Stubbings alinunua kipande cha mlima nyuma ya nyumba ya Elvie. Jumamosi asubuhi akapandisha pikapu na msumeno wa injini, aangushe mkaratusi mmoja mzee wa gome la nyuzinyuzi, uliokauka kileleni, apate kuni. Elvie alimfikia kabla hajavuta kamba ya kuuwasha.

"Barry, weka chini hiyo mashine. Huko juu kuna mama amelalia mayai."

"Mama gani tena?"

"Kasuku wa mbio."

Barry akacheka. "Elvie, hata mtoto wa chekechea anajua hao hula maua ya mkaratusi wa buluu. Huu si wa buluu, na hauna ua hata moja. Nimeukagua."

"Wewe Ijumaa unakula wapi?"

"Baa."

"Na unalala huko huko?"

"Ijumaa nyingine, ndiyo."

Hilo ndilo kosa letu sisi wa huku. Tukimwona ndege mezani tunadhani tumeona na kitanda chake. Kumbe huyu hula mti huu, akazaa kwenye mti mwingine, pengine vilima viwili mbali.

"Haya, gonga basi," Barry akasema. "Si wewe bingwa? Gonga atoke, nimwone, niende zangu."

Shoka alikuwa nalo, na kiganja kilimwasha. Pigo moja tu lingemnyamazisha mtu huyu. Lakini pigo hilo hilo lingemtimua mama, na upepo wa baridi wa kusini ulikuwa mkali siku hiyo, mayai yasingengoja.

"Sigongi. Mume wake atamletea chakula. Tungoje."

"Mpaka lini? Mimi saa saba nawasha."

Elvie akatazama upande wa bahari. Maua ya karibu yalikuwa yamekauka mapema mwaka huo. Yaliyobaki yalikuwa kule rasini, mwendo mrefu kwa kiumbe mdogo.

"Saa saba asipokuja, washa. Sitasema neno, na kuni nitakupasulia mimi mwenyewe."

Wakakaa. Barry akala pai yake ya nyama, akapangusa mnyororo wa msumeno, akapangusa tena. Saa sita na nusu, kimya. Elvie hakuugusa mkate wake. Je, kama mwewe amemkamata njiani? Je, kama sikio limezeeka, na ndege aliyemsikia mtini alfajiri hakuwa kasuku? Saa saba kasoro dakika tatu Barry akasimama, akashika kamba.

Kik-kik-kik!

Mshale wa kijani ukatokea upande wa rasini, ukakata kona kati ya matawi, ukatua kwenye tawi kavu. Akaita. Kutoka kwenye tundu ambalo ngumi isingepita, kichwa cha kijani kikachungulia, mama akatoka, akamfuata mumewe tawini, akalishwa mdomo kwa mdomo.

Barry akaachia kamba. "Mwanamume amechelewa, lakini kaleta," akasema polepole. "Mti usiguswe, Elvie. Kuni nitatafuta kwingine."

Elvie alivuta pumzi mpaka kifua kikajaa, akasimama wima kama msichana aliyetunukiwa kombe. Barry alipoondoka, wasikilizaji wangu, ndipo msitu wote ukalipuka: kasuku mia nne, wapi, mia tano, wakamzunguka Elvie kichwani, na mmoja mkubwa kama bata akatua begani kwake, akainamisha kichwa akamwambia kwa sauti ya—

"Merv!" Elvie mwenyewe akanikatiza kutoka nyuma yangu. "Walikuwa wawili. Wawili tu! Na wewe siku hiyo ulikuwa kwa daktari wa meno."