Chemsha Bongo Iliyoua Mahindi ya Kijiji

Niiteni mjinga, sitabisha. Mimi ndiye niliyeua mahindi ya kijiji kizima, kisha nikanyamaza mama wa watu akazomewa kwa kosa langu. Watu wa kijiji kile wanalijua, lakini ninyi nimewaficha mpaka nimeota mvi. Leo nalitapika!

Enzi za Ujamaa nilikuwa mwalimu kijana. Nilitoka kwetu Usangi nikapangiwa shule ya kijiji kipya huku tambarare ya Same. Wenyeji wake wengine walikuwa wameshuka kutoka Mamba milimani, wengine walikuwa vibarua wa zamani wa mashamba ya mkonge. Mimi, kwa kimo changu kile kile kifupi mnachokijua, nilijiona nimewazidi wote akili. Loo, kiburi!

Kila Ijumaa niliendesha chemsha bongo. Vitabu vya sayansi hatukuwa navyo, kwa hiyo niliuliza mambo ya nyumbani. Kwa nini ndizi ukizifukia huiva upesi? Kwa nini makande, mahindi na maharage ya kuchemsha, huchelewa kuiva kule milimani kuliko huku chini? Watoto walinyoosha mikono mpaka wakapanda juu ya madawati! Wakanibatiza Mwalimu Kwanini. Nami nikatembea kifua mbele kama jogoo aliyeambiwa ndiye anayeleta asubuhi.

Mvua za vuli zilipokaribia, gunia la mbegu za mahindi ya shamba la kijiji liliwekwa kwenye chumba kimoja cha shule, maana ghala lilikuwa linavuja. Mtunza ghala alikuwa Mama Naeli, mjane mmoja asiye na makuu. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, aliniachia ufunguo wa chumba kile bila wasiwasi.

Hapo ndipo nikatunga swali langu kubwa: je, mbegu iliyochemshwa inaota?

Mtu mwenye akili angechukua kiganja kimoja. Mimi nilichota debe zima, nikarudi nikachota la pili! Nilitaka kila mtoto wa shule awe na mbegu zake. Tukachemsha maji, tukazimwagia mbegu, watoto wakashangilia. Kila mmoja akapanda punje chache kwenye kopo. Mahindi yaliyobaki yakanikodolea macho. Karibu yote!

Nikaingiwa na hofu. Mali ya kijiji hiyo! Nikamwita Nakijwa, msichana wa darasa la tano, hodari wa kujibu kuliko wote.

"Yaanikeni. Yakikauka, rudisheni guniani."

"Mwalimu, si umesema yakichemshwa yanakufa?"

"Fanya ulivyoambiwa!"

Eti Mwalimu Kwanini, nimeulizwa kwa nini nikakasirika.

Mvua ikanyesha, watu wakapanda. Mahindi yakachomoza huku na huku, shamba likawa na mapengo kama kinywa cha kikongwe. Tukaitwa mkutanoni.

"Mama Naeli kayaacha yakalowa ghalani kabla ya kuyahamishia shuleni!" akapaza sauti mtu mmoja. Wengine wakaanza kuzomea.

Mwenyekiti wa kijiji akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu wetu. Tueleze."

Jamani, nafasi ndiyo ile! Nikasimama, nikasafisha koo. "Ndugu mwenyekiti, kitaalamu, mbegu ikipata unyevu ghalani hufa."

Sentensi yenyewe haikuwa ya uongo. Mwongo alikuwa mimi. Mama Naeli alifungua pindo la kanga, akatoa ufunguo wake wa ghala, akauweka mezani, akaondoka.

Ijumaa iliyofuata nikaingia darasani na bashasha zangu za kuazima. "Haya! Mbegu inahitaji nini ili iote?"

Hakuna mkono hata mmoja. Nikarudia. Mwishowe Nakijwa akasimama polepole.

"Mwalimu, unataka jibu la darasani au la mkutanoni?"

Hakuna aliyecheka. Nikajifanya natafuta chaki, na chaki ninayo mkononi!

Jioni ile nikaenda kwa Mama Naeli. Nilimkuta anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha, machozi yakinitoka kama mtoto aliyeumwa na nyuki. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo ukiwa mapajani.

"Hukunichafua hapa uani kwangu," akasema. "Ulinichafua mbele ya watu. Nenda huko."

Nikaenda. Mwenyekiti aliitisha watu, nikasema kila kitu. Mwenyekiti aliponitazama, nilitamani ardhi inimeze.

"Mwalimu, nikuulize. Mbegu iliyochemshwa inaota?"

"Haioti, ndugu mwenyekiti."

"Kumbe unajua!"

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nikaamriwa kupanda upya mapengo yote kwa jembe langu, na nikapanda. Lakini vuli ilikwishakata, jua likayaunguza mahindi yangu yangali mafupi. Uji wa shule ulitegemea shamba lile; msimu ule watoto waliunywa mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo, na mimi ndiye niliyesimama karibu na sufuria nikiwatazama wakipanga foleni.

Mama Naeli aliombwa arudi ghalani. Alikataa. Alisema ana kazi zake. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Jina la Mwalimu Kwanini nalo lilikufa siku ile ile ya kukiri. Nikawa Mwalimu Makande! Hata sasa nikishuka Same sokoni, nitasikia jitu zima lenye wajukuu likiniita kwa mbali: "Shikamoo, Mwalimu Makande!" Nifanyeje? Naitikia marahaba.

Enyi walimu vijana, waulizeni watoto maswali ya jikoni, ya shambani, ya mvua na ya jua. Ni jambo zuri sana. Ila mkumbuke kwamba mtoto uliyemzoesha kuuliza hatanyamaza siku swali litakapokuhusu wewe. Likifika, usimsubirishe. Nyoosha mkono wewe kwanza.