Jinsi Bonifasia Alivyoshindilia Sebule Yake

Bonifasia alizaliwa Lituhi, chini kabisa ziwani, mahali ambapo mtu akitaka sakafu mpya huchota mchanga ufukweni akaumwaga chumbani, kazi imekwisha. Alipoolewa na Vitalis akapandishwa milimani, Mapera, alikuta watu wanaosiriba. Kila Jumamosi wanawake walipiga magoti, wakachanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe, wakapaka sakafu kwa viganja mpaka ikang'aa, na kufika Jumatano kuku walikuwa wamekwisha kuichimbua. Bonifasia alisiriba tangu alipokuwa bibi harusi mpaka alipoitwa mama mkwe. Alisiriba akiwa na mimba, alisiriba akiwa na homa, na kila aliposiriba aliisema sakafu ile kama mtu anavyomsema mke mwenzake.

Halafu ikaja ile miaka ya ruksa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kupanda vijijini na mizani zao, wakigombania magunia kama wachumba. Saruji, ambayo zamani ilitaka kibali cha wilaya na kujuana na mtu, sasa ilirundikwa kwenye baraza za maduka ya Mbinga mjini, aje anayetaka. Mabati yakaanza kumeta vilimani. Msimu mmoja kahawa ilipouzwa vizuri mno, Vitalis mwenyewe, mtu mgumu kama kisiki, alitangaza mezani kwamba mwaka huu nyumba itasakafiwa.

"Lakini nitachagua mimi," akaongeza.

"Nani mwingine achague, Baba Devotha?" alijibu Bonifasia kwa upole, akainamia sufuria ili meno yake yasionekane.

Maana Vitalis alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ubishi. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoka nje kuhakikisha, akarudi amelowa chapachapa na kusema ni umande. Bonifasia alikwisha kuujulia ugonjwa huo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Akitaka kitu, alisifia kinyume chake kwa nguvu zote, kisha akakaa kusubiri kushindwa. Alikuwa ameshindwa mara nyingi sana katika maisha yake, na nyumba ilikuwa imejaa vitu alivyovipata kwa kushindwa.

Safari hii alichokitaka alikijua. Siku moja alipeleka mayai kwa masista, akafunguliwa mlango, na mbele yake kukawa na sakafu nyekundu ya saruji, laini, iliyopakwa nta na kusuguliwa hadi akaona uso wake mwenyewe unamtazama kutoka chini. Alisimama pale akiutazama mpaka sista akamuuliza kama anaumwa.

Basi wakashuka Mbinga mjini kuchagua vifaa. Waliongozwa na fundi wao, Fakihi, mtu wa mjini ambaye babu yake alitoka Kilwa, mpole, msafi, mcha Mungu. Kasoro yake ilikuwa moja, hakuweza kusema uongo hata wa kumbembeleza mtoto. Dukani waliona saruji, wakaona makopo ya rangi ya sakafu, na juu ya kaunta kulikuwa na boksi la vigae vyeupe vilivyotoka Dar es Salaam. Vitalis alikichukua kigae kimoja, akakipapasa kwa mapenzi.

Bonifasia aliona sakafu yake nyekundu inaponyoka. "Vigae, Baba Devotha!" akasema haraka, kwa sauti ya kusikiwa na duka zima. "Vigae hivi hivi vyeupe. Tukiviweka, hata askofu akipita njiani atasingizia kiu aingie ndani."

Vitalis alikirudisha kigae kwenye boksi kama amekuta nge. "Vyeupe? Kama chumba cha upasuaji? Nyumba yangu si hospitali. Fundi, saruji."

"Saruji ni nzuri," alisema Fakihi. "Tuiache na ukavu wake, au tupige niru, ule uji wa saruji wa juu, iwe laini?"

"Iache hivyo hivyo," Bonifasia akadakia. "Niru inateleza."

"Niru!" alisema Vitalis.

"Na rangi?"

Bonifasia alivuta pumzi. "Nyeusi. Nyeusi inaficha uchafu."

"Nyeusi ya msiba! Nani amekufa? Nyekundu, fundi. Nyekundu, na mtu asiniongezee neno."

Fundi Fakihi aliwatazama wote wawili. Wiki iliyopita Bonifasia alikuwa amemvuta kando na kumuuliza kama rangi nyekundu inapatikana. Alifungua mdomo, akaona jicho la Bonifasia, akaufunga, akaenda kuhesabu makopo.

Shida ilianza nyumbani. Nyumba ya Vitalis, kama nyumba zote za huko, ilikuwa imeegemea mlima. Sebule ilishuka upande mmoja kiasi kwamba ukidondosha chungwa mlangoni, ulilifuata dirishani. Ilibidi ijazwe udongo na mawe mpaka ilingane, na udongo ule ushindiliwe kabla ya kumwagwa zege.

"Umwagiwe maji kidogo kidogo, upigwe, umwagiwe tena, upigwe tena," alieleza fundi. "Nitakuja na kukanyaga kwa kisigino. Kisigino kikizama, simwagi zege, maana litapasuka na mtanilaani."

"Tutafute vijana," alisema Bonifasia, na safari hii alisema kweli, akasahau kugeuza.

"Vijana wa siku hizi wanashindilia kwa mdomo," alijibu Vitalis. Akakata gogo zito, akalipigia mpini, akaanza kupiga mwenyewe. Alipiga kwa hasira, alipiga kwa sifa, na kabla jua halijafika utosini alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka jikoni, kiuno kimekataa, akikandwa kwa maji ya moto. Udongo ulibaki vilevile; aliyeshtuka alikuwa kuku mmoja tu aliyekuwa akitaga pembeni.

Hapo ndipo Bonifasia alipomkumbuka wifi yake.

Ottilia, dada mkubwa wa Vitalis, alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamuru, kiongozi wa kikundi cha kioda, ile ngoma ya akina mama ya kwenda kwa safu na kukanyaga kwa pamoja. Miaka mingi nyuma alimtoa Bonifasia kikundini kwa sababu miguu yake ilikuwa haisikilizani. Sikukuu ya somo wa parokia, yule mtakatifu msimamizi wake, ilikuwa inakaribia, na vikundi vya kata nyingine vilialikwa, akina mama wa kata ya Ukata wakiwemo.

"Shikamoo, wifi," alisema Bonifasia alipofika kwake.

"Marahaba, mke wetu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anabisha, kwa hiyo hajambo. Wifi, nimesikia maneno sokoni, lakini si maneno ya kusema."

"Basi usiyaseme."

"Haya, naenda zangu kuchuma kahawa."

"Kaa chini! Maneno gani?"

Bonifasia alikaa taratibu, akapanga kanga yake. "Akina mama wa Ukata. Wanasema kioda chenu ni kizuri, sare zenu nzuri, nyimbo nzuri. Ila eti mnakanyaga kama watu wanaopita juu ya mayai. Eti ardhi haipati habari kwamba mmepita."

Ottilia alivimba. "Mayai?"

"Mimi nimesikia tu."

"Sisi? Mayai?"

"Ningekuwa wewe ningefanya mazoezi ya miguu, tena kwa siri, wasije wakapata habari. Kwangu sebule ni tupu, vitu vyote nimetoa. Fungeni madirisha. Hata ngoma msipige, pigeni debe lililofungwa kanga."

Kesho yake alasiri, walipotoka kuchuma kahawa, akina mama walimiminika. Bonifasia hakuwahi kuwa mwenyeji mkarimu namna ile. Alileta togwa. Alileta maji na kuyanyunyiza sakafuni, "yasije yakawapanda mavumbi kifuani, wifi zangu." Alisimama mlangoni na kupiga makofi. "Safu ya nyuma inalala! Hao Ukata watacheka! Sogeeni kona ile, kona ile hamjaitendea haki!" Wakasogea kona ile, wakaitendea haki. Siku iliyofuata aliwaonyesha upande wa dirishani kwamba ndiko mwangwi unakotoka vizuri. Mabati yalitetemeka. Jikoni, Vitalis alilala na kiuno chake akisikia nyumba ikinguruma, wala hakuuliza kitu, jambo ambalo Bonifasia alipaswa kulitilia shaka.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka wiki ikakaribia kuisha. Akina mama walikuwa katikati ya wimbo, jasho likiwatiririka, Ottilia mbele kama trekta, mlango uliposukumwa na Fundi Fakihi akaingia kukagua kazi. Alisimama ameduwaa. Kisha akainama, akakanyaga kwa kisigino hapa na pale, na uso wake ukachanua kwa furaha ya mtu anayeipenda kazi yake.

"Mashaallah!" alisema. "Nimefanya kazi hii tangu ujana, sijaona udongo ulioshindiliwa hivi. Dada zangu, mmebakiza mlangoni tu, pale bado laini kidogo. Mkipiga pale leo, kesho namwaga zege."

Debe lilinyamaza. Ottilia alitazama chini, akaitazama ile ndoo ya maji, akamtazama wifi yake.

"Fundi," alisema taratibu, "sisi tunafanya nini hapa?"

Bonifasia alimkonyeza fundi kwa jicho la kulia, akamkonyeza kwa la kushoto. Haikusaidia.

"Mnashindilia sakafu," alisema Fakihi.

Ottilia alimwendea Bonifasia, akasimama mbele yake, pua kwa pua. "Na Ukata? Walisema hawakusema?"

"Wifi..."

"Walisema?"

"Hawakusema," alikiri Bonifasia. "Hata sokoni sikwenda."

Kabla mtu hajapata neno, kilio kikasikika kutoka jikoni. Walidhani kiuno kimemzidi Vitalis. Walipokimbilia huko walimkuta amejishika mbavu, machozi yanamtoka, anacheka na kuumia kwa wakati mmoja.

"Dada Ottilia, pole!" alisema alipopata pumzi. "Mimi nimemwoa mwanamke huyu, unadhani sijui? Hata dukani, nilikishika kile kigae ili aharakishe kusifia vigae. Rangi nyekundu ninaitaka tangu siku nilipoiona kwa masista, nilipowapelekea kuni. Lakini ningesema nyekundu mimi, angesema nyeusi yeye, na tungekuwa tunabishana mpaka sasa!"

Hapo ndipo Bonifasia alipokosa mahali pa kuweka uso wake. Miaka yote ile alijua kwamba anaendesha gari, kumbe dereva mwenzake alikuwa na usukani wake. Alijaribu kukasirika, hasira ikakataa kuja; kilichokuja ni kicheko, kikaanzia tumboni, na akina mama wakakidaka mmoja baada ya mwingine, mpaka Ottilia naye, aliyejitahidi sana kubaki amenuna, akalazimika kushika ukuta.

Lakini hakusamehe bure. Yeye na wenzake walitoka nje, wakateta kando ya vichanja vya kahawa, wakarudi na hukumu.

"Mlangoni pamebaki," alisema Ottilia. "Utapashindilia wewe, mstari wa mbele, pamoja nasi. Na sikukuu ya somo utacheza mbele, umevaa sare."

"Wifi, miguu yangu unaijua."

"Naijua. Na watu wote wa parokia wataijua."

Ikawa hivyo. Siku ya somo, baada ya Misa, uwanja ulijaa mpaka watoto wakapanda ukuta. Kikundi cha Mapera kiliingia kikikanyaga kwa kishindo ambacho hakijawahi kusikika, maana wiki nzima walikuwa wamefanya kazi ya ujenzi bila kujua. Na mbele kabisa alikuwa Bonifasia. Wenzake wakienda kulia, yeye alikuwa anarudi kushoto. Wakiinama, alikuwa anainuka. Alipoona watu wanacheka, aliamua kwamba kama ni aibu basi iwe aibu kamili. Akatupa mikono, akazungusha shingo, akamkaribia paroko na kumpigia goti kisha akarudi kwa kinyumenyume. Uwanja ulilipuka. Mwishoni kiongozi wa Ukata alimfuata Ottilia na kumwomba kwa unyenyekevu amfundishe ile staili mpya ya mama wa mbele. Ottilia alimwambia hiyo ni siri ya kikundi.

Zege lilimwagwa, likanyweshwa maji na kuachwa likomae. Fundi Fakihi alipiga niru iliyochanganywa rangi akiwa amechuchumaa, mwiko mkononi, akirudi nyuma taratibu kutoka dirishani hadi mlangoni, na mbele yake chumba kikabaki chekundu na kimya kama maji ya ziwa asubuhi. Jumapili ya kwanza, rangi ikiwa bado inaachia, familia nzima ilikwenda kanisani na nyayo nyekundu, na walipopiga magoti kila aliyekaa nyuma yao alijua nani amesakafia.

Siku ya kuwakaribisha akina mama, Bonifasia aliamka mapema, akapaka nta, akasugua, akapaka tena, akasugua tena. Anaapa mpaka leo kwamba ulikuwa ni usafi tu, hakuna jambo jingine. Ottilia aliingia wa kwanza, kifua mbele, kama ilivyompasa kiongozi. Mguu wa kwanza ulitua. Wa pili haukutua. Aliteleza kutoka mlangoni hadi ukuta wa mbele, amesimama wima, mikono imetanda, uso mzito wa mtu anayepita kwenye gwaride, na alipofika ukutani akageuka, akaketi chini kwa kishindo.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Bonifasia alikimbia kumwinua, akateleza, akakaa kando yake.

Ottilia alipapasa sakafu kwa kiganja, kushoto na kulia. Nje jua lilikuwa kali, na saruji ilikuwa na ubaridi mtamu uliopenya kwenye kitenge.

"Niache," alisema, akinyoosha miguu. "Mwambie mdogo wangu alete chakula hapahapa."